Swapu ya USB kwenye ruta ya nyumbani: inapokataa kuwaka, inapozubaa, na inapoangusha ruta yenyewe

Ruta ikiishiwa RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, haisemi. Taa zote zinawaka, jina la Wi-Fi linaonekana kwenye simu, lakini ukurasa wa mipangilio haufunguki, tovuti hazipatikani, na baada ya dakika chache ruta inajizima na kujiwasha yenyewe. Hapo ndipo mtu anapotafuta flashi iliyolala kwenye droo, anaichomeka nyuma ya ruta na kufuata hatua nne tano za kuweka swapu, yaani nafasi kwenye hifadhi ambayo mfumo huitumia kama akiba RAM ikijaa. Kisha anabaki na tatizo jipya: swapu haiwaki, au imewaka na ruta bado inaanguka, au imewaka na sasa intaneti ya nyumba nzima inajikokota.

Nimepitia yote matatu, na kosa langu la kwanza lilikuwa lilelile kila mara: nilikimbilia tiba kabla ya kuiuliza ruta inaumwa wapi. Kwa hiyo naanzia hapo. Nachukulia kwamba ruta yako inatumia OpenWrt (mfumo huria wa ruta unaotokana na Linux), ina tundu la USB, na unaweza kuingia kwa SSH (njia ya kuiandikia ruta amri kutoka kwenye kompyuta) kama root, yaani msimamizi. Toleo la 24.10 na yaliyotangulia husakinisha vifurushi kwa opkg; mapya zaidi yamehamia apk, kwa hiyo panapoandikwa `opkg install` huko andika `apk add`.

## Kwanza: ni RAM iliyoisha, au ni nafasi ya kuhifadhi?

Mambo haya mawili huchanganywa kuliko yote. Ruta ina RAM, inayofutika umeme ukikatika, na ina flash ya ndani, inayotunza mfumo na mipangilio. Ukijaribu kusakinisha kifurushi ukaona mstari wenye maneno `Only have` na unaotaja `/overlay`, iliyojaa ni flash ya ndani. Swapu haitaongeza hapo hata baiti moja. Unachohitaji ni kuhamishia overlay, yaani sehemu ya flash inayotunza mabadiliko yako, kwenye USB, kazi inayoitwa extroot, na hiyo ina mwongozo wake.

RAM ikiisha, dalili ni nyingine. Amri uliyoitoa inakatika na neno moja tu, `Killed`. Au kwenye logi kunatokea mstari kama huu:

```
Out of memory: Killed process 1873 (dnsmasq)
```

Tatizo ni kwamba logi ya OpenWrt hukaa ndani ya RAM. Ruta ikijiwasha upya ushahidi wote umekwenda, nawe ukiingia unakuta logi safi isiyo na kosa lolote. Njia inayonisaidia ni kufungua dirisha la SSH kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa kebo, kuandika `logread -f`, kisha kuliacha wazi hadi ruta ianguke. Muunganisho utakatika, lakini mistari ya mwisho itabaki kwenye kioo cha kompyuta yako. Hiyo ndiyo unayoitaka.

Ukishathibitisha kwamba ni RAM, bado kuna swali moja, nalo ndilo linaloamua kama swapu ina maana kwako: RAM imeliwa na nani? Toa amri hii:

```
grep -E 'MemTotal|MemAvailable|AnonPages|Shmem|Slab|SUnreclaim|Swap' /proc/meminfo
```

Kerneli, yaani kiini cha mfumo, inaweza kuhamishia kwenye swapu vitu vya aina mbili tu: kumbukumbu ya programu za kawaida, inayoonekana kwenye `AnonPages`, na vilivyomo kwenye mafaili ya tmpfs (folda zinazokaa ndani ya RAM) kama `/tmp`, vinavyoonekana kwenye `Shmem`. Kumbukumbu ya kerneli yenyewe haihamishiki. Jedwali la miunganisho, foleni za pakiti, bafa za draiva ya Wi-Fi, vyote hivyo hubaki ndani ya RAM hata ukiichomekea ruta diski ya terabaiti.

Tuseme `MemTotal` ni kB 121,000 na `AnonPages` ni kB 14,000, huku `MemAvailable` ikiwa imebaki kB 5,000. Hata swapu ikichukua AnonPages zote, jambo ambalo halitatokea, umeokoa MB 14 tu. Mlaji mkubwa yuko upande wa kerneli. Kwenye ruta zenye chipu za Wi-Fi za QCA99xx na QCA98xx, draiva ya ath10k ni mmoja wa walaji hao, na OpenWrt ina kifurushi `kmod-ath10k-ct-smallbuffers` kilichotengenezwa kwa ajili ya ruta zenye RAM ndogo. Kubadili draiva hiyo kunaweza kukupa nafuu ambayo swapu isingekupa kamwe.

Ikiwa kinyume chake `AnonPages` na `Shmem` ndizo kubwa, kwa mfano kwa sababu ya orodha ndefu ya kuzuia matangazo, seva ya mafaili, au programu ya kupakua torrent, basi swapu itakufaa. Endelea.

## Flashi haionekani

Umeichomeka, umeandika `ls /dev/sd*`, hakuna kitu. Toa `dmesg | tail -n 20` mara tu baada ya kuchomeka.

Kama hakuna hata mstari mmoja mpya, kerneli haijui kwamba kuna kitu kimechomekwa. Ama draiva ya tundu lenyewe haipo, ndiyo `kmod-usb2` au `kmod-usb3` kulingana na ruta, ama flashi imekufa. Ijaribu kwenye kompyuta kabla ya kupoteza jioni nzima.

Kama unaona `new high-speed USB device number 2` kisha kimya, kerneli imekiona kifaa lakini haijui kwamba ni hifadhi. Hapo kilichokosekana ni `kmod-usb-storage`. Kisakinishe pamoja na `block-mount`, ambacho utakihitaji baadaye:

```
opkg update
opkg install kmod-usb-storage block-mount
```

Hapa kuna kitanzi kinachokera kwelikweli. Ruta iliyokosa RAM kiasi cha kuhitaji swapu mara nyingi haina RAM ya kutosha kusakinisha vifurushi vya swapu. `opkg update` hupakua orodha za vifurushi na kuziweka `/tmp`, yaani ndani ya RAM, na kabla haijamaliza inauawa. Ingia kwa kebo, kisha punguza mzigo kwanza: `wifi down` huzima Wi-Fi na kuachia sehemu ya kumbukumbu, `/etc/init.d/uhttpd stop` huzima ukurasa wa mipangilio, na huduma yoyote nzito uliyoiongeza wewe mwenyewe nayo izime. Sakinisha, kisha futa orodha kwa `rm -f /tmp/opkg-lists/*`, na urudishe kila kitu kwa `wifi up` na `/etc/init.d/uhttpd start`.

Opkg ikikataa na kusema haipati `kernel` ya namba fulani, vifurushi vilivyoko kwenye hazina vimejengwa kwa kerneli tofauti na yako. Hili huwapata sana wanaotumia matoleo ya majaribio ya kila siku. Dawa ni kusasisha mfumo mzima. Kulazimisha kwa `--force-depends` kutakupa draiva isiyopakika.

Kama unaona `device descriptor read/64, error -71`, au flashi inaunganika na kukatika kila baada ya sekunde chache, tazama umeme kabla ya programu. Kiwango cha USB 2.0 ni mA 500 kwa tundu, na USB 3.0 ni mA 900, na adapta ya ruta iliyochoka haifiki hata huko. Flashi ndogo hupita. Diski ngumu ya kuzunguka mara nyingi haipiti, kwa sababu inavuta umeme mwingi pale inapoanza kuzunguka. Tumia kigawanyio cha USB chenye adapta yake, au badili adapta ya ruta kwa nyingine yenye volti ileile na ampea zinazotosha. Nasisitiza hili kwa sababu swapu iliyo juu ya USB inayokatika-katika ni hatari kuliko kutokuwa na swapu. Sababu nimeieleza mwishoni.

## swapon inakataa

Patisheni (kipande cha flashi) ipo, `mkswap`, amri ya kuiandaa swapu, umetoa, lakini `swapon`, amri ya kuiwasha, inarudisha kosa. Soma maneno ya kosa lenyewe, kwa sababu kila moja lina mlango wake.

`Function not implemented`, na ukitazama hakuna faili `/proc/swaps`: kerneli yako imejengwa bila uwezo wa swapu. Hili hutokea kwenye mifumo ya ruta zenye flash ndogo sana, ambako wajenzi walikata kila kilichoweza kukatwa. Hakuna kifurushi cha kuongeza. Ni kujenga mfumo upya mwenyewe au kuachana na wazo hili.

`Device or resource busy`: ama swapu hiyo tayari imewaka, ama patisheni ileile imepachikwa kama hifadhi ya mafaili. `cat /proc/swaps` na `mount | grep sda` zitakuambia ni lipi. OpenWrt inaweza kuwa imeipachika yenyewe ulipoichomeka. Toa `umount /dev/sda1` na urudie.

`Invalid argument` ndilo kosa linalowasumbua watu zaidi, kwa kuwa lina sababu nyingi chini ya jina moja. `swapon` haikufafanulii, ila kerneli hufafanua; toa `dmesg | tail -n 3` papo hapo.

Ukikuta `Unable to find swap-space signature`, mahali unapowasha si mahali ulipotengeneza. Umefanya `mkswap /dev/sda` halafu `swapon /dev/sda1`, au kinyume chake. Kosa la herufi moja, na nimelifanya zaidi ya mara moja.

Ukikuta `swapfile has holes`, unatumia faili la swapu badala ya patisheni, na faili hilo lina matundu: limeandikiwa ukubwa lakini nafasi yake haijatengwa kwenye diski. Hilo ndilo linalotokea ukilitengeneza kwa `truncate` au kwa `dd` yenye `seek`. Litengeneze kwa kuandika sifuri kweli:

```
dd if=/dev/zero of=/mnt/usb/swapfile bs=1M count=256
chmod 600 /mnt/usb/swapfile
mkswap /mnt/usb/swapfile
swapon /mnt/usb/swapfile
```

Angalia `bs=1M` hapo. Kuna watu hufupisha kwa kuandika `bs=256M count=1`, na kwenye kompyuta hakuna tofauti. Kwenye ruta tofauti ipo, tena kubwa: `dd` hutenga RAM sawa na `bs` kabla ya kuanza kuandika. Ruta ya MB 64 itakataa, au itaanza kuua huduma ili kutafuta MB 256 ambazo haina.

Angalia pia hiyo `/mnt/usb`. Kabla ya kutoa `dd`, toa `df -h /mnt/usb`. Safu ya kwanza ikisema `/dev/sda1`, endelea. Ikisema `overlayfs:/overlay`, simama. Flashi haijapachikwa, na hilo folda ni folda tupu ndani ya ruta yenyewe. Utakachoandika kitakwenda kwenye flash ya ndani hadi ijae, na ruta yenye overlay iliyojaa haiwezi hata kuhifadhi mipangilio mipya. Ukiwa tayari umefanya hivyo, futa faili hilo, hakikisha nafasi imerudi kwa `df -h`, ndipo upachike flashi. Na hata faili lingetosha humo, swapu juu ya JFFS2 au UBIFS, mifumo ya mafaili ya flash ya ndani, haikubaliki. Utarudi kwenye `Invalid argument` ileile.

Flashi yenye NTFS, umbizo la Windows, usiiwekee faili la swapu. Draiva ya ntfs-3g ni programu ya kawaida inayohitaji RAM ili iandike, na utakuwa unaiomba iandike wakati ambao RAM imeisha.

Ushauri wangu ni kuachana na faili na kutumia patisheni nzima. Hakuna mfumo wa mafaili katikati, hakuna swali la kama folda limepachikwa, na hitilafu nusu ya hizi hazikupati. Yote yaliyomo kwenye patisheni yatafutika, kwa hiyo nakili unachokihitaji kwanza, kisha hakikisha kwa `block info` kwamba sda1 kweli ndiyo flashi yako:

```
dd if=/dev/zero of=/dev/sda1 bs=1M count=1
mkswap /dev/sda1
swapon /dev/sda1
cat /proc/swaps
```

`mkswap` ikiwa haipo, sakinisha `swap-utils`. Kuhusu ukubwa, MB 128 au 256 zinatosha kwa ruta ya MB 64 au 128. Ruta inayohitaji swapu ya gigabaiti inafanya kazi ambazo si zake. Huo mstari wa kwanza wa `dd` nao usiuruke. Sababu yake iko hapa chini.

## Inawaka kwa mkono, ruta ikizimwa inapotea

Fungua `/etc/config/fstab`, faili linaloiambia ruta hifadhi na swapu zipi iziwashe. Mara nyingi faili hili limetengenezwa kwa `block detect | uci import fstab`, nayo `block detect` huandika kila inachokiona kikiwa na `option enabled '0'`. Kila kitu kinaonekana kiko sawa, UUID (namba ya kipekee ya patisheni) ipo, kifaa kipo, lakini hiyo sifuri ndiyo inayokuzuia. Igeuze kuwa 1. Kwenye sehemu ya `config global`, tazama pia kwamba `auto_swap` ni `'1'`.

Kama huna ingizo lolote, liandike:

```
uci add fstab swap
uci set fstab.@swap[-1].uuid='UUID yako hapa'
uci set fstab.@swap[-1].enabled='1'
uci commit fstab
/etc/init.d/fstab enable
```

Tumia UUID, usitumie `/dev/sda1`. Jina sda hutolewa kwa zamu ya kugunduliwa. Ukiwa na vifaa viwili vya USB, leo flashi ni sda na kesho ni sdb.

Sasa, UUID hiyo unaipata kwa `block info`, na hapa ndipo mstari wa `dd` unapohusika. Flashi mpya mara nyingi huja ikiwa imeumbizwa FAT. `mkswap` iliyomo ndani ya BusyBox, programu inayobeba amri za msingi za OpenWrt, huandika kuanzia baiti ya 1024 na kuendelea, wala haigusi baiti 1024 za mwanzo. Alama ya FAT iko humohumo kwenye mwanzo. Matokeo yake patisheni inabaki na alama mbili. `swapon` ya mkono inafanikiwa kwa sababu yenyewe inatafuta alama ya swapu tu. `block info` inaweza kuiona FAT na kukuandikia `TYPE="vfat"`, pamoja na UUID fupi ya FAT yenye kistari katikati. Ukiiweka hiyo kwenye fstab, hakuna swapu itakayowaka, na hutaona kosa lolote la maana kwenye logi. Niliwahi kuhangaika na hili siku mbili nzima, nikibadili mipangilio isiyokuwa na kosa. Suluhisho ni `swapoff /dev/sda1`, kufuta megabaiti ya kwanza kwa `dd` kama ilivyo hapo juu, `mkswap` upya, na kuchukua UUID mpya, ambayo ni ndefu.

Kama fstab iko sahihi na bado haiwaki, pengine ni mbio za wakati: flashi inachelewa kuamka kuliko huduma ya fstab. Kwa kawaida tukio la kuchomeka huishughulikia baadaye, ila flashi nyingine huchelewa au hujikata mara moja kabla ya kutulia. Ongeza hili kwenye `/etc/rc.local`, juu ya mstari wa `exit 0`:

```
(sleep 30; block mount; grep -q '^/dev/sd' /proc/swaps || swapon /dev/sda1) &
```

Alama ya `&` mwishoni isikosekane. Bila hiyo ruta nzima inasubiri sekunde 30 kumaliza kuwaka.

## Imewaka, lakini matumizi ni sifuri

`free` inaonyesha Swap ya MB 256 na iliyotumika ni 0. Kama ruta imetulia, hakuna tatizo. Kerneli haihamishi kitu bila sababu, na hiyo ndiyo hali unayoitamani.

Kama huduma zinaendelea kuuawa huku swapu ikiwa tupu, rudi kwenye sehemu ya kwanza. Kumbukumbu inayoisha ni ya kerneli, na swapu haina mkono huko. Mstari wa `Out of memory` huja na taarifa ndefu juu yake. Tafuta humo `slab_unreclaimable`, kumbukumbu ya kerneli isiyoweza kuachiliwa, na uone ni kubwa kiasi gani.

Kwa aliyesakinisha `zram-swap` (swapu iliyobanwa ndani ya RAM yenyewe) pamoja na swapu ya USB: tazama safu ya Priority kwenye `/proc/swaps`. Yenye namba kubwa hutumika kwanza. USB kubaki sifuri wakati zram haijajaa ni sahihi kabisa.

## Imewaka, na sasa kila kitu ni kizito

Hii ndiyo hali ninayokutana nayo zaidi, na ndiyo inayowafanya watu waseme swapu ya USB ni bure. Ruta haianguki tena, lakini kufungua ukurasa kunachukua sekunde tano, halafu picha zikianza kuja zinakuja kwa kasi ya kawaida. Uchelewaji ule wa mwanzo ni dnsmasq. Ndiye anayejibu simu inapouliza anwani ya tovuti, na kumbukumbu yake imehamishiwa kwenye flashi. Kila swali linapoingia, kerneli inaifuata huko, kwa vipande vidogo vya KB 4 vinavyoitwa kurasa. Baada ya hapo data yenyewe hupita ndani ya kerneli, ambayo haihamishwi, ndiyo maana kasi inarudi.

Pima kabla ya kubadili chochote:

```
grep pswp /proc/vmstat; sleep 10; grep pswp /proc/vmstat
```

`pswpin` ni kurasa zilizorudishwa kutoka kwenye swapu, `pswpout` ni zilizopelekwa. Kama namba hazikusogea katika sekunde hizo 10, swapu imejaa vitu vilivyolala na uzito unatoka kwingine. Kama zote mbili zinapanda kwa mamia kila unapopima, ruta inazungusha kurasa zilezile, inatoa hii ili iingize ile, na muda wake wote unaishia kwenye USB.

Flashi ya kawaida imetengenezwa kwa kuandika mafaili makubwa mfululizo. Swapu huandika vipande vidogo huku na huko, na hapo flashi hiyohiyo inayonakili filamu kwa haraka hushuka hadi kasi ya kusikitisha. Kununua flashi iliyoandikwa namba kubwa ya USB 3 kwenye pakiti hakusaidii, kwa kuwa kikwazo ni kidhibiti kilichomo ndani yake. SSD ndogo ndani ya kasha la USB ni kitu kingine kabisa, mradi umeme unatosha.

Mimi hufuata mpangilio huu. Kwanza naondoa mzigo: orodha ya kuzuia matangazo naibadili iwe ndogo, maana kila jina la tovuti lililomo hukaa ndani ya RAM ya dnsmasq. Pili nasakinisha `zram-swap`. Hii hutenga sehemu ya RAM na kubana humo kurasa zisizotumika sana. Inakula CPU kidogo, lakini kurudisha ukurasa kutoka kwenye zram ni haraka mno ukilinganisha na USB. Kwa ruta nyingi za nyumbani zram peke yake inamaliza tatizo, nami ningeijaribu kabla ya kuchomeka flashi yoyote. USB inabaki nyuma yake kama akiba, yenye kipaumbele kidogo.

Tatu, kama USB ndiyo swapu pekee, napunguza hamu ya kerneli ya kuitumia. Ndani ya `/etc/sysctl.conf`:

```
vm.swappiness=10
```

kisha `sysctl -p`. Thamani ya kawaida ni 60. Ukiwa na zram mbele, iache 60 au ipandishe, kwa sababu huko kuhamisha ni rahisi.

## Wi-Fi ya 2.4 GHz imedhoofika tangu uchomeke flashi

Kifaa cha USB 3 kikifanya kazi hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye masafa ya 2.4 GHz. Intel walichapisha uchunguzi juu ya jambo hili mwaka 2012. Flashi iliyochomekwa sentimita chache kutoka kwenye antena za ruta iko mahali pabaya kuliko pote. Ichomoe, baada ya `swapoff`, kisha ulinganishe nguvu ya mawimbi kwenye simu. Kama ndiyo yenyewe, tumia tundu la USB 2.0 au flashi ya USB 2.0, kwa kazi ya swapu hupotezi chochote. Kebo fupi ya kurefusha, yenye kinga nzuri, inayoisogeza flashi mbali na antena nayo husaidia.

## Flashi imechomoka, au imekufa

Kwenye logi utaona `USB disconnect`, kisha mistari ya `Read-error on swap-device`. Programu yoyote iliyokuwa na kurasa huko itakufa pale itakapozigusa. Ukirudisha flashi haraka haisaidii: kerneli bado imeshikilia sda ya zamani, na hiyo iliyorudi inaitwa sdb. Washa ruta upya. Hakuna njia safi nyingine.

Hii ndiyo sababu nilisisitiza umeme na kebo. Mtoto akiigonga flashi kwa mkono, au ikalegea ruta inapofutwa vumbi, nyumba nzima inakosa intaneti. Weka ruta mahali ambapo flashi haiguswi.

Flashi pia huchakaa, kwa sababu seli zake zina idadi ya maandiko zinayoweza kubeba, na swapu yenye shughuli nyingi huzimaliza haraka kuliko picha za sherehe. Ukianza kuona `I/O error, dev sda` bila kukatika kokote, usingoje. Kamwe usiweke swapu na extroot kwenye flashi moja ya bei rahisi. Ikifa, vyote viwili vinaondoka pamoja.

Kuitoa salama:

```
swapoff /dev/sda1
cat /proc/swaps
```

`swapoff` hurudisha kila ukurasa ndani ya RAM, kwa hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa, na ikikosa nafasi itakataa kwa `Cannot allocate memory`. Zima huduma nzito kama ulivyofanya wakati wa kusakinisha, kisha urudie. Chomoa pale tu `/proc/swaps` inapokuwa haina mstari wa sda. Ikigoma kabisa, toa `poweroff`, ngoja ruta izimike, ndipo uichomoe.